Huyu Ni Mtu wa Kwetu: Neno kwa Wahudumu wa Magereza

Hotuba hii niliitoa jijini Mwanza mbele ya vikundi vya huduma ya magereza kutoka makanisa mbalimbali ya Kanda ya Ziwa. Wengi walioshindwa kufika wameomba niiweke kwa maandishi. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila nyimbo na maombi ya katikati nimeviruka.

Bwana Yesu asifiwe!

Naomba niseme tena, maana wengine bado wanatafuta viti. Bwana Yesu asifiwe!

Mchungaji mwenyeji wetu, wachungaji na mapadre mliotoka mbali, wainjilisti, makatekista, wazee wa kanisa, mama zangu, vijana wa kwaya, nawasalimu nyote. Na ninyi ndugu zangu mlioketi benchi la mwisho karibu na mlango, mlioniomba nisiwataje kwa majina, sitawataja. Lakini nawashukuru kwa kuja, kwa sababu habari tunayoizungumza leo sisi tumeisikia, ninyi mmeilalia sakafuni.

Nianze na sauti moja.

Ilikuwa Desemba 2007. Wakati huo bado nafundisha shule ya msingi. Kwaya yetu iliomba kibali cha kwenda gereza la Butimba kuimba nyimbo za Krismasi, nami nikafuatana nao kwa sababu walihitaji mtu mzima wa kusimamia katoni za sabuni. Sikwenda kwa wito. Nilikwenda kuhesabu miche ya sabuni. Wafungwa walikuwa wamechuchumaa kwa mistari, wamevaa nguo zao za rangi ya chungwa, nami napita na katoni, mche mmoja kwa kila mtu. Nilipofika mstari wa tatu nikasikia, "Shikamoo, mwalimu."

Nikatazama. Mtoto niliyemfundisha darasa la nne. Nilikuwa nikimweka dawati la mbele kwa sababu macho yake hayakuuona ubao vizuri. Sasa ana ndevu. Marahaba ilinikwama kooni. Nikampa mche wake, nikamshika bega. Akaniuliza, "Mwalimu, utakuja tena?" Nikamjibu, "Nitakuja."

Wapendwa, nilikuja tena. Nilikuja Desemba iliyofuata.

Nikamkuta upande wa mahabusu, kesi nyingine. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Mwalimu, mwezi wa tatu nilimaliza kifungo nikatoka. Nikaja shuleni kukutafuta." Siku gani? "Jumamosi." Jumamosi shule imefungwa. Na nyumba yangu iko nyuma ya shule ile ile, unavuka uwanja wa mpira, unapita mwembe, umefika. Hakujua. Alikaa pale getini hadi jua likazama, kisha akaenda stendi, maana stendi kuna watu wanaomjua.

Mmelisikia neno hilo? Stendi kuna watu wanaomjua. Kanisani hakuna. Shuleni pamefungwa. Stendi wapo, tena wana chakula, wana mahali pa kulala, na wana kazi ya kumpa usiku huo huo.

Mnaikumbuka Mwanzo 40. Yusufu yuko gerezani, mnyweshaji wa Farao anatoka, Yusufu anamwomba jambo moja tu, amkumbuke. Mnyweshaji akatoka, akamsahau. Ikapita miaka miwili mizima. Mimi nilimsahau yule kijana mwaka mmoja tu, na mwaka wote huo nilijiona nimemkumbuka, kwa sababu katika maombi ya Jumatano nilikuwa namtaja.

Sasa ninayo haya ya kuwaambia. Huduma yetu imejaa ndani ya lango, na imekauka nje ya lango. Ndani tuna kwaya, tuna Biblia, tuna mafundisho ya ubatizo, tuna sabuni. Nje, siku ile mtu anatoka na mfuko wake wa rambo mkononi, hatupo.

Hebu tuulizane. Ni wangapi humu ndani kikundi chao kilikwenda gerezani mwezi wa Desemba? Nyosheni mikono. Asanteni, naona msitu. Shusheni. Ni wangapi walikwenda Februari?

Naona mikono minne. Mungu awabariki ninyi wanne. Na mnajua kwa nini nimeuliza Februari? Februari sabuni ya Krismasi imeisha.

Bwana Yesu katika Mathayo 25 anasema, "nalikuwa kifungoni, mkanijia." Neno moja, mkanijia. Mtu haji kwako kwa kupita na katoni. Mtu anayekujia anakaa, anakuuliza mama anaendeleaje, na wiki inayofuata anakumbuka ulimjibu nini. Taratibu za kuingia mnazijua, sitapoteza muda. Kibali kwa mkuu wa gereza, simu unaiacha langoni, hubebi barua wala ujumbe wa mtu, humuulizi mtu kosa lake mpaka aseme mwenyewe. Ninaloliongeza ni moja tu. Usiseme "nitakuja" kama hujui siku. Sema, "Alhamisi ya wiki ya pili," halafu fika Alhamisi ya wiki ya pili hata kama mvua inanyesha. Mtu aliye ndani hana kitu kingine cha kuhesabu ila siku. Ukimpa siku umempa kitu kikubwa. Ukiivunja, umemchukulia kile kile kidogo alichokuwa nacho.

Na mama zangu, naomba sana, upande wa wanawake msiusahau. Mume akifungwa, mke anabeba kikapu anakwenda kumwona. Mke akifungwa, mara nyingi mume anaanza maisha mengine. Nimeliona mara nyingi mno. Na wapo kina mama walio ndani na watoto wanaonyonya, kwa sababu sheria inaruhusu mtoto mchanga akae na mama yake. Yupo mama mmoja tuliyempokea na mtoto wa kiume aliyekuwa amekua humo humo mpaka ameanza kusema. Tukampeleka kwa bibi yake. Bibi ametoka ndani anakimbia, mikono imejaa unga, amemnyanyua mjukuu juu. Yule mtoto akamtazama usoni, akamwita, "Afande."

Ndilo jina alilolijua la mwanamke mtu mzima asiye mama yake. Yule bibi alikaa chini kizingitini. Ilichukua wiki kadhaa mtoto kujifunza neno bibi. Sasa niambieni, ule mche wa sabuni ungefanya nini hapo? Hapo palihitajika mtu wa kurudi wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, amkalishe yule bibi, amwambie, "Mama, vumilia, atakuita."

Nije kwenye siku ya lango.

Tarehe 9 Desemba 2019 wengi wenu mlikuwa hapa hapa Mwanza, uwanja wa Kirumba, sherehe za miaka 58 ya Uhuru. Hayati Rais Magufuli akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 nchi nzima. Tulishangilia. Mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Tukaenda nyumbani tunaimba. Usiku ule ndipo mke wangu akaniuliza, "Baba, wakitoka wanakwenda wapi?" Nikawaza stoo ya kanisa. Tulikuwa na katoni zimepangwa hadi dirishani kwa ajili ya Krismasi ya walio ndani. Kwa anayetoka hatukuwa na chochote. Hata shati moja. Hata godoro moja. Hata orodha ya majina.

Katika wale waliotoka siku zile, mmoja alikuja kulala kwangu. Mtu wa Sengerema, umri unakaribia hamsini, alikuwa amekaa ndani miaka mingi. Jina lake nalihifadhi, lakini ameniruhusu nisimulie.

Alikuwa na namba ya simu ya dada yake, ameishika kichwani miaka yote ile, anaitamka kama mtu anayesoma zaburi. Tukapiga. Haipatikani. Nikamwambia tutamtafutia laini yake mwenyewe, atafute watu polepole. Tukaenda kwenye kibanda cha usajili. Mnakumbuka mwaka ule ndio usajili wa laini kwa alama za vidole ulikuwa umeanza, kila mtu anahangaika asizimiwe. Kijana wa kibandani akasogeza kile kimashine, akasema, "Mzee, weka kidole hapa." Yule ndugu akaurudisha mkono wake nyuma kama ameguswa na moto. Akaninong'oneza, "Mwalimu, vidole vyangu polisi wanavyo."

Mara ya mwisho mtu kumwambia weka kidole hapa, mnajua ilikuwa wapi.

Nikamtuliza. Akaweka kidole. Haikusaidia, maana hana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA inataka utambulisho wa nyumbani. Utambulisho wa nyumbani unataka kiongozi wa kijiji anayemjua. Kwa hiyo hata kupiga simu, ndugu zangu, hata kupiga simu, kunahitaji mtu wa kusema huyu namjua, huyu ni mtu wa kwetu.

Tukasafiri. Enzi zile daraja la Kigongo hadi Busisi halijaisha, tunavuka kwa kivuko. Tumefika katikati ya maji, nikamwona anahangaika, anaangalia mbele, ananiangalia mimi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Naomba ruhusa nisogee pale mbele." Pale mbele ni hatua sita. Nikamwambia nenda, kaka. Akaenda, akashika chuma cha kivuko, akasimama na upepo wa ziwa mpaka tumegusa Busisi.

Kijijini tulikwenda moja kwa moja ofisini. Tumekaa kwenye benchi, mtendaji akaingia. Na huyu mtu mzima, baba wa watoto, akateleza kutoka kwenye benchi akachuchumaa sakafuni, mikono juu ya magoti, macho chini. Dirishani kuna watoto wanachungulia. Mimi nilishindwa kusema. Aliyesema ni yule mtendaji, na Mungu ambariki popote alipo. Alivuta kiti chake mwenyewe, akakisogeza, akasema kwa sauti ya chini, "Kaa kwenye kiti, mzee wangu. Hapa ni nyumbani." Kisha akatoka kwenda kutafuta mwenyekiti na wazee wanaomkumbuka.

Nimehubiriwa mahubiri mengi. Kile kiti nakikumbuka kuliko mengi ya hayo.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa, zinaitwa Kanuni za Nelson Mandela, mtu ambaye mwenyewe alifungwa miaka 27. Kanuni ya 107 inataka kwamba tangu mtu anapoanza kifungo, maisha yake ya baada ya kutoka yaanze kufikiriwa. Tangu anapoanza! Sisi tunaanza kufikiri lini? Tunaanza akishatukuta getini Jumamosi. Na hatupo.

Hapa kwetu serikali ina maafisa wa huduma za uangalizi. Tunayo Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, yaani ya kumtoa mfungwa kabla kifungo hakijaisha, kwa masharti, tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inayomwezesha mtu wa kifungo kifupi kutumikia adhabu yake nje kwa kufanya kazi ya jamii. Ni vikundi vingapi humu vimewahi kwenda kwa afisa uangalizi wa wilaya yao na kumwambia, "Sisi ni kanisa, tupo, mtu akitoka upande wetu tupigie"? Nendeni. Nilipokwenda mara ya kwanza, afisa aliniuliza kama nimekuja kulalamika. Alipojua nimekuja kusaidia alifunga mlango, tukazungumza kwa muda wa saa mbili.

Sasa nataka kusema jambo gumu. Naomba mnivumilie.

Kuna ndugu mmoja alifungwa kwa kuiba injini ya boti, kule upande wa Igombe. Nilimtembelea miaka mitatu. Aliokoka ndani, akabatizwa, na naamini kabisa aliokoka kweli. Alipokaribia kutoka nikasema nitafanya kazi nzuri, nitakwenda mapema kwa mwenye injini nikalainishe mambo. Nikavaa suti. Nikabeba Biblia.

Yule mzee alinikaribisha, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, umempelekea sabuni mwizi wangu miaka mitatu. Mimi injini ilipokwenda, mtumbwi ulilala mchangani. Binti yangu akaacha shule. Mke wangu akauza vyombo. Nakaa hatua chache kutoka kanisani kwenu, kengele yenu inaniamsha kila Jumapili. Mimi nani ameniletea sabuni?"

Ndugu zangu, nani alimletea sabuni?

Sikuwa na jibu. Nilifunga Biblia, nikamwomba radhi, nikaondoka. Na kuanzia wiki ile, kila nilipokwenda kumwona aliye ndani, nilipita pia kwa yule mzee. Miezi ya kwanza hakutaka hata nikae. Baadaye tukawa tunazungumza habari za dagaa na bei ya mafuta. Muda mrefu sana ulipita kabla hajalitaja mwenyewe jina la yule aliyemwibia.

Fungueni waraka kwa Filemoni, ni ukurasa mmoja tu, msiusome haraka. Onesimo alikuwa ametoroka kwa bwana wake. Paulo yuko kwenye minyororo, anamrudisha. Na anasema nini? "Na kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu." Paulo hakumwambia Filemoni, "Wewe ni Mkristo, sahau." Hakumwambia deni halipo. Alisema liandike. Liandike juu yangu. Sisi tumezoea kumbeba aliyetoka gerezani na kumpeleka kwa aliyemkosea tukiwa na mstari wa kusamehe mkononi, kama polisi mwenye hati. Tuache. Msamaha ni wa aliyeumizwa, atautoa siku yake, na akichelewa hajafanya dhambi kwa kikundi chetu.

Tulichofanya ni hiki. Baada ya ndugu yule kutoka, tulikaa chini ya mti, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, mzee mwenye injini, watoto wake wawili, yule ndugu, na sisi watu watatu wa kanisa. Ndugu akasema kwa kinywa chake alichofanya, usiku gani, na injini aliiuza wapi. Hakulia, na nilifurahi kwamba hakulia, kwa sababu machozi yangemlazimisha mzee kumhurumia kabla hajawa tayari. Deni likaandikwa. Kanisa likaweka sahihi chini yake kama mdhamini, na waweka hazina wetu walinikasirikia kwa hilo, nalikumbuka vizuri. Yule ndugu anaanika dagaa, analipa kidogo kidogo. Mwezi mwingine halipi, tunalipa sisi, halafu anatulipa sisi. Hadi leo deni halijaisha. Hawajawa marafiki. Lakini wakikutana njiani yule mzee huitikia salamu, na binti yake amemaliza kozi ya ushonaji kwa ada tuliyochanga.

Nimebaki na jambo la ulezi wenyewe, yaani kumlea aliyetoka gerezani, ndilo mlilonitumia barua mkitaka nilifundishe. Nitasema yale niliyoumia nayo.

La kwanza, msimpandishe mtu madhabahuni wiki ya kwanza. Najua tunavyopenda ushuhuda. Kanisa linajaa, watu wanalia, sadaka inatoka. Nilimfahamu kijana, alikuwa na sauti nzuri na historia ya kutisha. Alialikwa huku, akaalikwa kule, kila Jumapili bahasha. Kila alikokwenda historia ikaongezeka kidogo, kwa sababu watu waliitaka iongezeke. Miezi ikapita hajajifunza kazi yoyote isipokuwa kusimulia uovu wake. Siku mialiko ilipokauka hakuwa na kitu cha mkononi. Alirudi ndani. Lawama zile nazibeba, kwa sababu mwaliko wa kwanza niliuandika mimi. Mwacheni mtu akae benchi la kawaida. Afagie, apange viti, ajulikane kwa jina lake kabla hajajulikana kwa kosa lake.

Na wakati amekaa kwenye benchi hilo la kawaida, mama yangu, usiuvute mkoba wako. Unafikiri hajaona. Ameona. Kwa miaka mingi maisha yake yote yalikuwa kusoma mikono na macho ya watu.

La pili, mlezi mmoja kwa mtu mmoja, tena kwa mwaka mzima usiopungua. Kamati haileei mtu. Kamati ikikutana, kila mmoja anadhani mwenzake alikwenda. Mwanaume alelewe na mwanaume, mwanamke na mwanamke. Pesa taslimu usimpe mkononi siku za mwanzo, nenda naye dukani, nenda naye kliniki, nenda naye ofisi ya mtaa. Mpigie asubuhi. Wiki ya kwanza muonane kila siku, kwa sababu usiku wa kwanza hatalala. Kimya kinamsumbua, na kitanda laini kinamsumbua. Wengine hujilaza sakafuni, usishangae wala usimwamshe. Na familia iandae mapema, maana familia nayo ilijifunza kuishi bila yeye. Mtoto aliyemwacha anatambaa sasa anavunja ungo, na baba anataka kurudi kuwa baba kwa amri ya siku moja. Hilo peke yake limewarudisha mtaani wengi kuliko njaa.

Kuna mtu mmoja katika Agano Jipya ambaye hatumhubiri, anaitwa Tikiko. Someni Wakolosai 4, mstari wa 7 hadi wa 9. Onesimo aliporudi Kolosai hakurudi peke yake. Alitembea na Tikiko. Safari ndefu, baharini na nchi kavu, anarudi mahali alipokimbia, na pembeni yake kuna mtu. Na Paulo anawaandikia kanisa zima kwamba huyu Onesimo ni mtu wa kwao. Mtu wa kwenu! Hakuandika mtoro wenu. Hakuandika mfungwa aliyeokoka. Mtu wa kwenu.

Ndiye mlezi tunayemtafuta. Tikiko. Mtu wa kutembea pembeni.

Na msidhani lazima awe msomi. Charles Colson alikuwa mshauri wa Rais Nixon kule Marekani, akafungwa kwa mambo yaliyohusiana na kashfa ya Watergate, akakaa ndani miezi saba. Alipotoka, mwaka 1976, akaanzisha huduma ya Prison Fellowship, ambayo leo ina matawi katika nchi nyingi. Aliianzisha kwa sababu alikuwa amelala mle. Elimu ya sheria alikuwa nayo tangu zamani, lakini haikuwa imemtuma kwenda kwa mfungwa hata mmoja.

Mnataka kujua yule kijana wa shikamoo alikoishia? Nilianza kumlea alipotoka kwenye ile kesi ya pili. Alirudi ndani tena baada ya hapo, mara mbili. Mara mbili, wapendwa, nikiwa ndiye mlezi wake, na watu wa kwaya wakaniambia mwalimu achana naye. Nilikwenda Alhamisi ya wiki ya pili, kama kawaida. Leo anashona viatu Mkuyuni, ana miwani, na mtu anapotoka siku za wikendi yeye ndiye anayesimama getini, kwa sababu Jumamosi anaijua kuliko mimi.

Sasa namaliza kwa kazi, si kwa maneno. Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, kuna kijana anatoka. Ana miaka 22. Mama yake alifariki yeye akiwa ndani, na kile chumba walichopanga kina mpangaji mwingine. Hilo la chumba hajaambiwa. Nahitaji watu wawili wa kufika pale kabla ya saa tatu, na mmoja wao aniambie kwamba atabaki naye mpaka Jumanne kama hiyo mwaka ujao. Daftari liko pale mezani, kalamu nimeifunga kwa uzi. Na kama una shati na suruali, leta, ila zisiwe za rangi ya chungwa, na ziwe ndefu. Ni mrefu, ananipita kichwa kizima.